Apu na programu za kutambua spishi: ipi uchukue kwanza, ipi ulipie, ipi uiache

Kila mtu akijua kwamba narekodi mimea na wadudu ananiuliza swali lilelile, apu ipi ni nzuri? Na mimi huwa naanza kwa kumuuliza, nzuri kwa kazi gani, maana wengi wetu tunapima apu kwa jinsi inavyotaja jina haraka. Nilipima hivyohivyo mpaka ikanigharimu. Nilikuwa nalipia apu moja, nimeweka humo vipepeo na mbawakawa msimu mzima, picha zaidi ya mia tatu, halafu siku natafuta pa kuitoa ile orodha niipeleke kwenye kompyuta hamna sehemu hiyo, yaani unaona majina kwenye kioo cha simu basi, huwezi kutoa faili, namba za GPS hazionekani popote, na usajili ulipoisha hata picha zenyewe zikafungwa. Niliumia sana aisee, kwa sababu kipepeo wa siku ile huwezi kumrudia.

Kwa hiyo hapa napanga kwa vigezo vitatu na kwa mpangilio huu: kwanza je data yangu naweza kuitoa muda wowote nikitaka, pili je jina linabaki limeshikana na ushahidi wake (picha au sauti, tarehe, mahali), na tatu ndo usahihi wa jina. Najua wengine wangeanza na usahihi ila fikiria, jina likikosewa na picha ipo, atatokea mtu anayejua atalirekebisha hata baada ya miaka kumi, lakini jina tupu lisilo na picha hata kama ni sahihi nani atalithibitisha?

Namba 1: iNaturalist. Ni bure, ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani na tangu 2023 inajitegemea kama shirika lisilo la faida. Unapiga picha, akili mnemba inapendekeza jina, kisha watu wengine wanakuja kukubali au kukataa. Rekodi ikiwa na picha au sauti, tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakakubaliana kwenye spishi (lazima wawe angalau wawili), inapanda kuwa daraja la utafiti na kama leseni uliyochagua inaruhusu inaenda mpaka GBIF, ile hazina ya dunia ya rekodi za viumbe yenye makao Copenhagen, ambako mtafiti yeyote anaweza kuitumia. Na rekodi zako zote unazitoa kwa faili la CSV (jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel), hicho ndo kilichonifanya nihamie huko moja kwa moja.

Jambo la kuangalia, modeli imefundishwa kwa spishi zenye picha za kutosha tu, kwa hiyo mdudu asiyepigwa picha sana hayumo kabisa na programu itakupa ndugu yake anayefanana naye. Ukiona mapendekezo yanayumba usilazimishe spishi, weka jenasi au familia (ngazi za juu ya spishi) na uache hapo. Si aibu, wataalamu wenyewe wanafanya hivyo kila siku. Kitu kingine ninachokipenda, viumbe vilivyo hatarini wanafichiwa mahali, ramani inaonyesha nukta ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambacho ukiwa karibu na Ikweta ni kama kilomita 22 kila upande, hivyo mwindaji haramu hapati njia ya kumfikia. Apu isiyofikiria jambo hilo mimi siiamini na viumbe adimu.

Kama ni kwa ajili ya mtoto, chukua apu ya Seek ya hao hao iNaturalist, haihitaji akaunti na inafanya kazi bila intaneti.

Namba 2 wengi hawataitarajia: OpenRefine ukiiunganisha na kikagua majina cha GBIF. Hii haitambui kiumbe chochote, inasafisha majina uliyokwisha kuyaandika, na nimeiweka juu hivi kwa sababu orodha nyingi ninazoletewa zinaharibikia hapo. Orodha ya watu watatu walioandika kwenye Excel kwa miaka mitano utakuta jina moja limeandikwa kwa namna nne, nafasi imezidi mwishoni, herufi imerukwa. OpenRefine inakusanya yanayofanana inakuuliza, haya ni kitu kimoja? Unakubali yote kwa pamoja na inakumbuka kila hatua uliyopiga kwa hiyo ukikosea unarudi nyuma. Bure, inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Ukimaliza, peleka majina kwenye kikagua cha GBIF. Kitakuambia lipi limepatana sawasawa, lipi limekaribia tu, na lipi kimeweza kulifikisha kwenye jenasi basi. Yale ya kukaribia yasome moja moja kwa macho yako, usibonyeze kukubali yote! Na weka safu ya ufalme, kama ni mnyama au mmea, pamoja na jina la mwandishi wa spishi (aliyeipa jina hilo), kwa sababu wanyama na mimea wana kanuni zao tofauti za majina na hamna kinachozuia jina moja kutumika pande zote mbili. Mfano halisi ni Ficus variegata, kuna mti wa jamii ya mikuyu unaoitwa hivyo na kuna konokono wa baharini anaitwa hivyohivyo herufi kwa herufi. Ukiacha safu hiyo wazi unaweza kukuta konokono katikati ya orodha yako ya miti ya msituni.

Majina pia yanahama. Migunga ya Afrika tuliyoizoea kama Acacia, baada ya uamuzi wa mkutano wa wanasayansi wa mimea wa Vienna 2005 uliothibitishwa Melbourne 2011, jina hilo likabaki kwa kundi kubwa la Australia na migunga yetu mingi ikaenda Vachellia na Senegalia. Kwa hiyo Acacia tortilis ya kwenye daftari la zamani leo ni Vachellia tortilis. Nakuomba sana, usifute jina lililoandikwa mwanzo, tengeneza safu mpya kwa jina la sasa na ile ya zamani iache ilivyo, maana uainishaji ukibadilika tena utahitaji kujua mtu wa kwanza aliandika nini hasa. Na faili lihifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote) la sivyo waandishi kama Müll.Arg. wanageuka alama za ajabu.

Namba 3, ndege: Merlin, na BirdNET kwa kazi kubwa. Zote zina mkono wa maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell kule Marekani. Merlin unapakua furushi la eneo lako ukiwa na intaneti kisha unaenda nalo porini, inasikiliza inakuandikia anayelia papo hapo. Ni nzuri mno kwa kujifunza ila usimrekodi ndege kwa sababu Merlin imesema tu, wapo ndege wanaoiga sauti za wenzao na sauti nyingine zinafanana kweli, mtafute umwone au hifadhi ile sauti. BirdNET Analyzer ni ya kompyuta, unaipa marekodi ya usiku kucha inayakata vipande vya sekunde tatu tatu na kila kipande inakipa jina na alama ya uhakika kati ya 0 na 1. Ipe mahali na wiki ya mwaka ili isikuletee ndege wa bara jingine, kisha sikiliza mwenyewe sampuli za kila spishi kabla hujaamua alama gani ndo mpaka wako.

Namba 4: Pl@ntNet. Mimea peke yake, imetengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, bure. Unaieleza picha hii ni jani, ua, tunda au gome, na picha mbili tatu za viungo tofauti zinabadilisha jibu kabisa. Nikiwa na ua mkononi naianza hii kabla ya iNaturalist.

Namba 5 kama una mkusanyo wa vielelezo, yaani makabati ya hebaria (mimea iliyokaushwa) au wadudu waliobanwa kwa pini, simu haitakusaidia. Hapo ni Specify au TaxonWorks. Programu zote mbili ni za chanzo huria ila msidanganyike na neno bure, mtalipia seva, mtu wa kuitunza na miezi ya kuhamisha data, hiyo ndo bei yake ya kweli. Specify inafaa pale kazi kubwa ikiwa ni vielelezo vyenyewe, nani kakusanya, kiko droo gani, nani kaazima. TaxonWorks naona inawafaa zaidi wanaofanya kazi ya majina na uainishaji. Yoyote utakayochagua hakikisha inatoa data kwa mfumo wa Darwin Core, ndo lugha ambayo GBIF na makumbusho wanaelewana.

Namba 6: Lucid na Xper3, za kutengenezea funguo za utambuzi, yaani maswali ya sifa yanayokufikisha kwenye jina. Ufunguo wa kitabuni ukikwama swali la tatu umekwama, huu unaanza na sifa yoyote unayoiona. Lucid kuutengeneza ni kulipia, Xper3 ni bure mtandaoni. Hii ni kwa anayelijua kundi lake vizuri na anataka kuwarahisishia wengine.

Mwisho kabisa ni zile apu za usajili zinazokupa jaribio la siku chache halafu zinakata pesa. Zingine zinatambua vizuri tu, sikatai, lakini kabla hujalipa weka rekodi kumi, zitoe, zifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama picha, tarehe na GPS vimefika. Zikishindwa hapo achana nazo.

Pesa hiyo nunulia lenzi ya makro ya kubana kwenye simu, itakuongezea usahihi kuliko usajili wowote, na upige kinachotofautisha spishi: uyoga upige na chini ya kofia yake, jani pande zote mbili na linavyoshikana na tawi, buibui macho yake kwa mbele, mdudu mabawa kwa juu na uso wake.