Kalamu ya TDS kwa mkulima wa mchicha: chumvi inaiona, sumu haiioni

Kalamu hizi za kupima maji (TDS ni jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), zenye kioo cha namba, zimejaa madukani, na wanaomwagilia mboga kwa maji ya mabwawa ya majitaka huuziwa kwa neno moja: "inaonyesha kama maji yana sumu." Haionyeshi. Elektrodi zake mbili hupima jinsi umeme unavyopita majini, kisha kipimo hicho hugeuzwa kuwa miligramu kwa lita. Namba hupanda kwa hatua ya 1. Kikomo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, cha kadimi, metali yenye sumu, kwenye maji ya umwagiliaji ni 0.01, yaani hatua moja ya kalamu ni kikomo hicho mara mia. Kadimi ikizidi mara kumi, kioo kilichokuwa kikisoma 620 kitabaki na 620 ileile.

Hata virutubisho haivitofautishi. Nitrati, potasiamu na chumvi ya jikoni ni namba moja. Urea haihesabiwi kabisa, maana haipitishi umeme.

Kwa chumvi, kalamu inalipa bei yake. Na chumvi si jambo la pembeni: kloridi huifanya kadimi ya udongoni ibaki imeyeyuka, mizizi ikaifyonza, mchicha ukaipandisha hadi majani. Nyanya hupeleka kidogo tu kwenye tunda. Kalamu ikisoma zaidi ya 450, anza kuwa macho. Ikipita 2,000, tafuta maji mengine.

Kinachokera ni kwamba kila kiwanda kina kizidishi chake cha kugeuza kipimo cha umeme kuwa miligramu. Ndani ya maji ya kusahihishia ya maikrosimensi 1,413 (kipimo cha upitishaji umeme), kalamu moja husoma 707, nyingine 989, na zote ni nzima. Nunua yenye kitufe cha EC, yaani kinachoonyesha upitishaji umeme wenyewe kabla ya kugeuzwa. Usiizamishe kupita mstari, itikise viputo vitoke, na utando wa bwawa uondoe kwa siki.

Sumu ni kazi ya maabara. Peleka majani, pamoja na udongo wa sentimita 20 za juu uliochanganywa kutoka sehemu kumi za shamba, uombe na pH, kipimo cha tindikali ya udongo. pH ikiwa chini ya 6.5, chokaa hupunguza kadimi inayoingia. Majibu yakija, uliza: uzito mkavu au mbichi? Kwa mchicha wenye maji asilimia 90, kadimi ya miligramu 2 kwa kilo kavu ni 0.2 kwa kilo mbichi, ndicho kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani. Cha risasi, metali nyingine yenye sumu, ni 0.3. Risasi ya kwenye majani mara nyingi ni vumbi, na sehemu yake huondoka kwa kuosha. Kadimi imo ndani ya jani.