Nimeenda kumuona Georg Gisze Berlin, nyota 5

Aisee wadau ukipita Berlin ingia Gemäldegalerie, makumbusho ya picha za kuchora, pale karibu na Potsdamer Platz, ulizia picha ya Georg Gisze, zingine utaziangalia ukipata muda. Jumatatu wanafunga, mi nilienda Jumatatu bila kuangalia kwanza, uzembe wangu mwenyewe, nikarudi kesho yake.

Jamaa alikuwa mfanyabiashara wa Danzig, siku hizi Gdańsk kule Poland, ila shughuli zake alikuwa anafanyia London, kwenye makao ya wafanyabiashara wa Kijerumani kando ya mto Thames. Mchoraji Hans Holbein kamchora pale mwaka 1532, jamaa ana miaka 34. Ubao wenyewe haufiki hata mita moja kwenda juu lakini vitu vilivyomo humo we acha tu. Mi nimekulia dukani kwa mzee Kariakoo na nilivyosimama mbele ya hii picha nikacheka peke yangu, maana ni kaunta yetu ileile: mkasi, muhuri, funguo zinaning'inia, kopo la sarafu, barua zimechomekwa ukutani vilevile mzee anavyochomeka karatasi za wadaiwa. Na mzani. Sasa huo mzani uangalie vizuri, umelalia upande mmoja, halafu chombo cha kioo chenye maua kimekaa huku ukingoni mwa meza, yaani mkono unakuwasha ukisogeze ndani kidogo.

Mezani katandika zulia la Kituruki, tena mazulia ya aina ile mpaka leo yanaitwa kwa jina la Holbein mwenyewe. Na mikono ya hariri ya pinki! Nani anavaa hivyo kazini, hapo kapendeza kwa ajili ya picha tu.

Kilichonigusa ni uso. Anafungua barua ya ndugu yake, jina la Gisze mwenyewe na London vimeandikwa juu kabisa, ila macho hayapo kwenye barua, anakutazama kwa pembeni kama mtu aliyesikia mzigo umekwama bandarini. Ukutani kuna maneno ya Kilatini kwamba hakuna raha isiyo na huzuni, chini yake jina lake.

Nikamtumia mzee picha Whatsapp. Akajibu kwa sauti, "Bidhaa ziko wapi? Huyo mbona namuona karani tu." Nikarudi kuangalia, kweli, hata robota moja hakuna.