Mzani wa dijitali wa kuning'iniza wa kilo 50: unafaa kupimia taka za elektroniki, ila ukague kwanza

Kwa fundi simu wa Mwanjelwa au mkusanya chakavu wa Uyole, hapa Mbeya, kipimo cha kawaida ni kiroba. "Nina viroba vitatu vya bodi." Lakini kiroba cha chaja na kiroba cha bodi hulingana kwa macho huku kwa kilo vimeachana mbali, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua kilichoingia wala kilichotoka. Hapo ndipo kimzani hiki kidogo cha ndoano, kile wanachopimia mizigo ya safari, kinapostahili kuangaliwa kwa makini.

Kinabeba hadi kilo 50, kinatumia betri mbili ndogo kama za rimoti, na kioo chake huonyesha hatua za gramu 10. Namba hiyo ya gramu 10 ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Ni hatua ya kuonyesha tu, haina maana kwamba kipimo ni sahihi hadi gramu 10. Simu ya kitochi ina uzito wa gramu mia hivi, kwa hiyo kosa la hatua moja tu tayari ni sehemu ya kumi ya simu nzima. Ukitaka kupima simu moja moja, tafuta mzani mdogo wa mezani. Huu wa kuning'iniza ni wa shehena: kusanya simu 50 au 100, toa betri, tia kwenye salfeti, kisha pima mara moja.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kitufe cha UNIT. Kikibonyezwa, mzani unahama kutoka kilo kwenda ratili, na mingi iliyotengenezwa China huenda pia kwenye "jin", kipimo cha Kichina ambacho ni nusu kilo. Kiroba cha kilo 12 kitasoma 24 kwenye jin, au 26.46 kwenye ratili. Kidole kikigusa kitufe wakati wa kuinua mzigo, daftari lote la siku hiyo limeharibika bila mtu kutambua. Kabla ya kila kiroba tazama pembeni ya namba: lazima paandikwe kg. Bandika kipande cha tepu ngumu juu ya kitufe hicho, tatizo limeisha.

Kufunga namba nako kuna mtego. Mzani hujifunga wenyewe ukidhani mzigo umetulia, na kama kiroba kinapepea kwa upepo, namba inayobaki si yake. Ning'iniza mzani kwenye boriti au bomba kwa kamba fupi ya manila, usiushike kwa mkono. Pima mara tatu. Namba zikipishana zaidi ya gramu 50 kwa kiroba cha kilo 20, kuna kinachocheza.

Halafu kuna baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya au Makete, betri hulegea na sifuri huhama. Washa mzani, uache ukizoea hewa ya mahali unapopimia, kisha ubonyeze sifuri bila mzigo. Masika yana taabu nyingine: nyaya na kava zilizonyeshewa hubeba maji, nawe utaandika kilo za mvua. Anika kwanza.

Kuukagua ni rahisi. Chukua katoni ambayo haijafunguliwa ya maji, chupa 6 za lita 1.5. Maji ni kilo 9, na plastiki inaongeza kidogo, kwa hiyo usomaji uwe kati ya 9.1 na 9.3. Usitumie dumu la lita 20, kwa sababu likijaa hadi mdomoni hupita lita 20. Rudia kila wiki. Mzani uliowahi kubebeshwa zaidi ya kilo 50 unaweza kupinda kipande cha chuma cha ndani na usirudi tena sifuri. Usiporudi, utupe, na wenyewe uandike kama taka.

Kuna vitu visivyopaswa kuning'inizwa kabisa. Televisheni ya kichogo ya inchi 21 hufika kilo 20 na zaidi, na kioo chake kikivunjika kinaweza kupasuka kwa nguvu. Kioo hicho kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia mzani wa chini. Betri ya simu iliyovimba isiingie kirobani: ziba ncha zake kwa tepu ya umeme, iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na jiko. Betri za gari na za sola ziandikie ukurasa wa peke yake, maana katika hesabu za dunia betri hazihesabiwi pamoja na vifaa vya elektroniki.

Daftari ndilo linaloupa mzani huu thamani. Hesabu ya kimataifa hugawa taka hizi mafungu sita: vya kupooza na kupasha joto kama friji, vioo vya televisheni na kompyuta, taa, vikubwa, vidogo, na vya mawasiliano kama simu. Fuata mafungu hayohayo, uandike tarehe, kilo, zilikotoka na zilikokwenda. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na zilizothibitishwa kwa kumbukumbu kwamba zilikusanywa na kurejelezwa rasmi ni asilimia 22.3 tu. Mwaka huo Afrika tulizalisha kilo 2.5 kwa kila mtu, wakati wastani wa dunia ulikuwa 7.8, lakini zilizothibitishwa hivyo kwetu hazikufika asilimia 1. Kazi kubwa ya kukusanya na kubomoa inafanyika kila siku hapa kwetu. Inauma kwamba haisomeki popote kwa sababu hakuna aliyeiandika kwa kilo.

Je, ununue? Kwa kumbukumbu za ndani, ndiyo, bila kusita. Kwa kununua na kuuza, hapana. Mzani wa biashara unatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa alama yake, na huu wa safari haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Anayelipa watu kwa kilo atumie mzani uliohakikiwa, awe na kibali kinachotakiwa na kanuni za mwaka 2021 za taka za umeme na elektroniki, na kimzani hiki akitumie kukagua tu kama gari linaloondoka kwenda Dar es Salaam limebeba kilo zilezile zilizoandikwa daftarini.