Mahali pa Kula Paris: Mwongozo wa Mgeni, Kuanzia Chaguo la Kwanza Hadi la Mwisho

Mgeni wa Paris huamua mambo mengi kabla ya safari, kuanzia tikiti ya ndege hadi chumba cha kulala, lakini chakula hukiamua akiwa tayari ana njaa, amesimama kando ya barabara, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mwongozo huu unapanga aina za mahali pa kula badala ya kutaja mgahawa mmojammoja, kwa sababu migahawa ya jiji hilo ni maelfu na ule unaosifiwa leo unaweza kubadilisha mpishi kesho. Kigezo nilichotumia ni ubora wa chakula unaoupata kwa kila euro unayotoa, na kwa kigezo hicho saa ya kula ina uzito kuliko jina lililoandikwa mlangoni.

Nafasi ya kwanza ninaipa bistro ya mtaani, yaani mgahawa mdogo wa kawaida, kwa sharti kwamba uende mchana. Siku za kazi, bistro nyingi huuza mlo wa bei moja uitwao formule, ambao huwa ni kianzio na mlo mkuu, au mlo mkuu na kitindamlo, na bei yake mara nyingi huwa kati ya euro 17 na 25. Usiku, jiko lilelile na mpishi yuleyule huuza kila sahani peke yake, na bili ya mtu mmoja hufika mara mbili ya hiyo kwa urahisi. Wateja wa mchana ni wafanyakazi wa ofisi na maduka ya jirani, ambao wengi wao hulipia kwa vocha za chakula wanazopewa kazini; wasiporidhika leo, kesho watavuka barabara, na mgahawa unaowategemea watu wa namna hiyo hauthubutu kuwapunja.

Bistro ya kuaminika utaijua kwa ubao wake. Ubao mzuri ni mfupi, una sahani tano au sita zilizoandikwa kwa chaki, na ifikapo saa saba utakuta moja au mbili zimefutwa kwa kuwa zimekwisha. Orodha yenye sahani arobaini ni tangazo la friza kubwa. Tafuta pia alama ya sufuria yenye paa la nyumba, ambayo tangu 2014 huonyesha kwamba chakula kimepikwa papo hapo kutokana na vyakula vibichi, wala hakikuletwa kutoka kiwandani kikiwa kwenye mfuko na kupashwa moto. Kisha uwahi: jiko hufunguliwa yapata saa sita mchana na kufungwa saa nane, na ukifika saa nane na robo utaombwa radhi kwa heshima zote na kurudishwa ulikotoka. Nyingi hufunga Jumapili na Jumatatu, na mwezi Agosti baadhi hufunga kwa wiki kadhaa wenyewe wakiwa likizo, kwa hiyo anayesafiri mwezi huo aulize mapema.

Mezani, mkate hautozwi chochote, na ukiomba "une carafe d'eau" utaletewa jagi la maji ya bomba bila malipo, jambo ambalo sheria ya 2020 imelithibitisha. Mhudumu anayekuuliza kama unataka maji yenye gesi au yasiyo na gesi anakuuzia chupa. Msomaji asiyekula nguruwe wala kutumia kileo anahitaji tahadhari zaidi hapa kuliko mahali pengine popote katika orodha hii, kwa sababu vitu hivyo hujificha: quiche lorraine, pai ya mayai, ina vipande vya nyama ya nguruwe, saladi nyingi hunyunyiziwa vipande hivyohivyo, croque-monsieur ni mkate wenye nyama hiyo na jibini, na ng'ombe wa bourguignon hupikwa ndani ya divai nyekundu. Uliza kabla ya kuagiza, tena kwa kutaja kitu chenyewe, kwani swali la jumla hujibiwa kijumlajumla.

Nafasi ya pili ni ya bouillon, aina ya mgahawa iliyoanza katikati ya karne ya 19, pale mchinja nyama aliyeitwa Duval alipoanza kuwauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles supu na nyama ya kuchemsha kwa bei ndogo. Ule maarufu zaidi uliobaki ni Bouillon Chartier wa mtaa wa Faubourg-Montmartre, uliofunguliwa mwaka 1896. Ukumbi wake ni mrefu wenye dari ya kioo, juu ya meza kuna rafu za shaba za kuwekea makoti, na ukutani bado zipo droo ndogo zenye namba ambamo wateja wa kila siku walikuwa wakihifadhi vitambaa vyao vya mezani. Huketi peke yako. Mhudumu aliyevaa kizibao cheusi na aproni nyeupe atakusogeza kwenye meza ya watu usiowajua, ataandika ulichoagiza kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, na mwishoni atajumlisha hesabu papo hapo mbele yako. Mlo wa sahani tatu humalizika kwa euro 20 hadi 25 bila kinywaji, na asiye na njaa kali hutoka kwa pungufu ya hapo.

Sitadai kwamba chakula cha bouillon ni kitamu kuliko cha bistro nzuri. Yai la mayonezi ni yai la mayonezi, na paja la bata lililoivishwa taratibu ndani ya mafuta yake lina siku zake nzuri na siku zake za kawaida. Faida ya bouillon ni kwamba hauna saa za kufunga jiko alasiri, hauchagui siku, na bei zake hazimshtui mtu. Hasara ni foleni, ambayo usiku hufika hadi barabarani. Nenda saa tano na nusu asubuhi unapofunguliwa, au saa tisa alasiri. Mtindo huu umefufuka katika miaka ya karibuni, na Bouillon Pigalle, uliofunguliwa mwaka 2017, ni mbadala mzuri kwa aliye upande wa Montmartre.

Nafasi ya tatu ni majiko ya wahamiaji, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili huenda ikawa ndiyo ya kwanza, hasa kwa wanaotafuta chakula halali. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Château Rouge, njia namba 4, kinakutoa moja kwa moja katikati ya soko la Waafrika wa magharibi na kati, ambako utapata wali wa samaki wa Kisenegali, kuku wa yassa mwenye limau na vitunguu vingi, ndizi za kukaanga na majani ya mihogo. Wilaya ya 13, katika barabara za Choisy na Ivry, ina vyakula vya Vietnam, Kambodia na China vilivyoletwa na wakimbizi wa miaka ya 1970, na bakuli moja la supu ya tambi hapo linatosha kuwa mlo kamili. Karibu na kituo cha La Chapelle kuna Watamili wa Sri Lanka, ambao wali na mchuzi wao hautamwonea aibu mtu wa pwani.

Katika kundi hili ninautofautisha Msikiti Mkuu wa Paris, uliozinduliwa mwaka 1926 mkabala na bustani ya Jardin des Plantes. Una mgahawa wa kuskusi na tajini, na ua wenye miti ambako wahudumu hupita na sinia za chai ya mnanaa iliyokwisha kutiwa sukari, ikiwa kwenye bilauri ndogo. Kileo hakiuzwi. Kuskusi yake si rahisi kuliko ya mtaa wa Belleville, lakini kwa familia yenye watoto na bibi anayetaka kukaa kwa utulivu, sijui mahali palipo bora.

Mkate na soko ninaviweka nafasi ya nne kwa sababu tu ya mvua na baridi. Wakati wa kiangazi vingepanda. Omba baguette iitwayo tradition, ambayo kwa amri ya 1993 haina nyongeza za kiwandani, na ununue katika duka lililoandikwa "boulanger", neno ambalo kisheria hutumiwa na anayekanda na kuoka mkate wake mwenyewe. Ongeza jibini na matunda kutoka soko la mtaani, kaa kwenye benchi kando ya mto Seine, na utakuwa umekula vizuri kwa euro zisizofika kumi. Soko la Enfants Rouges, lililoanzishwa mwaka 1615, lina vibanda vinavyopika papo hapo, ingawa Jumamosi ni msongamano mtupu.

Krepu za ngano nyeusi (buckwheat), ambazo ni kama chapati nyembamba, hufuata nyuma, nazo ziliwe karibu na kituo cha Montparnasse, ambako treni za kutoka Brittany, eneo la magharibi mwa Ufaransa, ziliwashusha wenyeji wa krepu hizo.

Brasserie kubwa, yaani ukumbi mpana wa kula, kama La Coupole ya mwaka 1927, ninaiweka chini zaidi. Unalipia nguzo zilizochorwa, vioo na saa ndefu za kazi, na sifa yake nyingine naiona ndogo. Itakufaa ukichelewa kufika usiku au ukitaka kusherehekea jambo. Migahawa yenye nyota za Michelin, kitabu kinachopima ubora wa migahawa, haimo katika mpangilio huu, ila anayeitaka aende mchana, kwani mlo wa mchana huko hugharimu sehemu ndogo tu ya ule wa usiku.

Mwisho kabisa ni migahawa inayozunguka vivutio: uwanja wa Tertre huko Montmartre, mtaa wa Huchette, na sehemu kubwa ya Champs-Élysées. Dalili zake ni picha za vyakula mlangoni, orodha ya lugha sita, na kijana anayekuita uingie. Sheria inataka bei zibandikwe nje, kodi na huduma zikiwa tayari ndani yake, kwa hiyo zisome kabla hujavuta kiti, wala usikubali kuambiwa kwamba bakshishi ni lazima. Ikiwa miguu imechoka na hakuna pengine, agiza kahawa tu na uinywe ukiwa umesimama kaunta, ambako bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko ya kikombe hichohicho kikiletwa kwenye meza za nje.