Uzoefu wangu na gemu za zamani zilizorudishwa sokoni: kompyuta yenye nguvu siyo dawa

Nimeucheza mpaka mwisho mkusanyiko wa gemu tatu za zamani za kompyuta zilizorudishwa sokoni, na jibu langu kwa anayeuliza kama aununue ni hili: moja ni nzuri kabisa, moja inachezeka ukikubali kuhangaika nayo, na moja haikupaswa kuuzwa ilivyo. Sitaji jina la mkusanyiko wala la kampuni iliyoutoa, kwa kuwa haya ninayoyaeleza yanajirudia katika matoleo mengi ya namna hii. Atakayeyaelewa atajua la kutazama popote atakapokuta gemu ya zamani inauzwa kama mpya.

Nilikuwa nazisubiri kwa hamu. Gemu hizi nilizicheza zilipokuwa mpya, na mojawapo ndiyo iliyonifanya nizipende kompyuta. Tangazo liliahidi picha za 4K, yaani kali sana, fremu 144 kwa sekunde (fremu ni kila picha moja inayochorwa kwenye skrini), na kwamba mnunuzi atabonyeza tu aanze kucheza bila kugusa faili lolote. Kompyuta yangu ni ya kisasa: prosesa ina viini 8, yaani sehemu nane zinazoweza kufanya kazi kwa pamoja, na kadi ya michoro inamudu gemu zinazotoka sasa. Gemu za miaka 20 au 30 iliyopita zingepaswa kuwa kazi ndogo kwake. Lakini mengi ya matatizo niliyokutana nayo yalitokana na kompyuta kuwa na kasi mno, wala si kuzidiwa, na hilo wanunuzi wengi hawaambiwi.

Ya kwanza ni ya mapigano ya vyombo vya anga, ya enzi za DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta uliotumika kabla ya Windows kuenea. Kampuni haikuiandika upya. Imeifungasha pamoja na DOSBox, programu iliyoanza 2002 ambayo huigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Njia hiyo naiunga mkono, maana bila DOSBox gemu nyingi za wakati ule zingekuwa hazichezeki tena. Shida ni jinsi ilivyopangwa. Ukiwa katikati ya pambano zito, vyombo vimejaa na milipuko iko kila upande, mwendo uko sawa. Adui wakibaki wawili, ghafla kila kitu kinakimbia: chombo chako kimeshageuka kabla hujaachia kitufe, na adui anapita mbele ya macho usipate hata nafasi ya kumlenga. Muziki lakini unaendelea kwa mwendo wake uleule, na hapo ndipo nilipojua pa kuanzia.

IBM PC ya kwanza, ya 1981, ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda kwa megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Mwandishi wa gemu alipotaka kitu kisubiri kidogo, mara nyingi aliiamuru prosesa ihesabu bure mpaka namba fulani, kisha iendelee. Prosesa ikiwa na kasi zaidi, hesabu inakwisha mapema na gemu inakimbia. Wengine hawakuweka hata subira hiyo: gemu ilisogeza kila kitu hatua moja, ikachora, ikasogeza tena, kwa kasi yoyote ambayo mashine iliweza. Ndiyo maana kompyuta zilizofuata ziliwekewa kitufe cha turbo, ambacho faida yake kubwa ilikuwa kuipunguza mashine kasi ili programu za zamani ziende kwa mwendo wake. Muziki wa gemu hii unasalimika kwa sababu unaendeshwa na chipu ya saa, na chipu hiyo haijali prosesa ina kasi gani.

Mambo haya hayakuanza jana. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, zana ya kuandikia programu, zilikuwa zinakufa mara tu zinapowashwa kwenye prosesa za takriban megahezi 200 na kuendelea, zikitoa kosa namba 200. Zilikuwa zinapima kasi ya mashine zinapoanza, na jibu la kipimo likawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kulihifadhi. Kwenye mashine za siku zilipoandikwa, programu hizo zilikuwa hazina kasoro yoyote.

DOSBox ina mpangilio wa kuamua itekeleze maelekezo mangapi kila milisekunde. Nilipofungua faili la mipangilio nikakuta pameandikwa "max", yaani itumie nguvu zote ilizonazo. Bila shaka aliyeiweka hivyo alijaribu misheni zenye vyombo vingi, akaona hazikwami, akaridhika. Mimi niliweka namba maalumu, kisha nikawa naipunguza kwa Ctrl na F11 na kuiongeza kwa Ctrl na F12 huku nikicheza, mpaka vyombo vikaruka kama ninavyovikumbuka. Kazi hiyo mtu mmoja anayeijua gemu angeifanya mara moja pale kwenye kampuni, na wanunuzi wote wakanufaika.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo wengi hulihisi bila kujua chanzo chake. Skrini za VGA, kiwango cha picha cha kompyuta za wakati ule, zilionyesha picha za pikseli (nukta) 320 kwa 200 kwa hezi 70, yaani zilichorwa upya mara 70 kwa sekunde, na gemu za wakati huo zilipangwa kufuata mapigo hayo. Gemu ya Doom ya 1993, kwa mfano, huendesha dunia yake kwa hatua 35 kila sekunde, nusu kamili ya 70, kwa hiyo kila hatua ilikaa kwenye skrini kwa mapigo mawili sawasawa. Ukiipeleka kwenye skrini ya hezi 60, 35 haiingii ndani ya 60 bila kubaki. Fremu moja inakaa mapigo mawili, nyingine pigo moja, na jicho linaona mwendo wa kuchechemea hata kama namba za fremu pembeni ya skrini zinapendeza. Skrini zinazobadili hezi zenyewe kufuata gemu huondoa tatizo hili, na kwangu liliondoka kabisa nilipowasha uwezo huo.

Gemu ya pili ni ya mikakati, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na nitaisifu bila kubana maneno. Gemu za aina yake zilichora kwa kutumia DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora picha, mara nyingi kwa rangi 256 tu. Kwenye Windows 7 nyingi zilitoa rangi zilizoharibika, na kuanzia Windows 8 ya 2012 hali hizo za rangi chache zikawa zinaigizwa tu na mfumo, kiasi kwamba baadhi ya gemu zilikwenda kwa kukokota kwenye kompyuta zenye nguvu kupindukia. Nyingine hazikuweza hata kusakinishwa, kwa sababu kisakinishi chake kilikuwa cha biti 16, cha kizazi cha zamani, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo. Waliorudisha gemu hii walifanya kazi ya kweli. Uchoraji wote umehamishiwa kwenye njia za kisasa, na hesabu za vita zimeachwa kwenye hatua zake za zamani, kwa mwendo uleule. Kati ya hatua moja na inayofuata, gemu inakadiria askari yuko wapi na kumchora hapo. Kwa hiyo jicho linaona fremu 144 zinazoteleza, ilhali vita yenyewe inakwenda kwa mapigo yaliyopangwa na watengenezaji wake. Mbinu nilizokuwa nimezizoea zinafanya kazi bado: muda wa kujenga kambi ni uleule, na shambulio la mapema linafika pale linapotarajiwa kufika.

Njia ya kuacha moyo wa gemu ulivyo na kuweka picha mpya juu yake imeshaonekana kufaa kwingine. Command & Conquer Remastered Collection ya 2020 inaendesha vita kwa msimbo wa awali, na unapocheza peke yako ukibonyeza kitufe cha nafasi unarudi kwenye picha za zamani papo hapo, vita ikiendelea. Mchezaji anaweza kulinganisha mwenyewe akajiridhisha kwamba hakuna kilichobadilishwa kwa siri.

Kasoro niliyoikuta kwenye hii ya pili ni moja. Kila niliposogeza kipanya haraka, ramani ilikwama. Kipanya changu huripoti mahali kilipo mara 1,000 kwa sekunde, na msimbo wa zamani unashughulikia kila ripoti kwa zamu, foleni ikijaa gemu inasimama kuimaliza. Nilikishusha hadi ripoti 125 kwa sekunde na ramani ikateleza. Ukikutana na gemu ya zamani inayokwama pale tu unapogusa kipanya, anzia hapo kabla hujagusa kingine chochote.

Sasa gemu ya tatu, ya mbio za magari, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonivunja moyo.

Hesabu zake za mwendo wa gari, yaani matairi, springi na msuguano na barabara, zinafanyika mara moja kwa kila fremu. Gemu ilipotoka mara ya kwanza hapakuwa na ubaya, maana ilifungwa kwenye fremu 60. Toleo jipya limeondoa kufuli hilo ili litangaze fremu 144, likaacha hesabu zilivyokuwa. Matokeo yake gari linarukaruka kwenye barabara tambarare, usukani umekuwa mwepesi hata kwenye kona ndefu huwezi kulishika, na ukigusa ukuta kidogo unarushwa katikati ya barabara. Nikifunga fremu kwenye 60 kwa kutumia programu ya kadi ya michoro, gari linatulia na kuwa lile ninalolijua. Nilipoanza kuicheza, ndani ya menyu ya gemu yenyewe hapakuwa na sehemu ya kufanya hivyo.

Ubaya unazidi kwenye jedwali la rekodi la mtandaoni. Mwenye fremu nyingi anaendesha gari tofauti na mwenye fremu chache, kisha muda wao unawekwa safu moja kana kwamba wamekimbia mbio moja. Wachezaji wa Quake III Arena ya 1999 walijua zamani kwamba kwa fremu 125 kwa sekunde mhusika anaruka juu zaidi, kwa sababu ya namna namba zinavyokadiriwa katika kila fremu. Kwenye Dark Souls II ya 2014, silaha zilichakaa haraka mara mbili kwa aliyecheza kwa fremu 60 kuliko kwa fremu 30, mpaka rekebisho lilipotoka 2015. Skyrim ya 2011 ikipitishwa fremu 60, vyombo vilivyo mezani huanza kurukaruka vyenyewe. Mifano hii inajulikana na kila anayefanya kazi hii, kwa hiyo kampuni inayouza gemu ya mbio, ambamo muda ndio kila kitu, haina haki ya kushtuka.

Tena kuna kukwama. Kila ninapoingia kwenye barabara mpya, picha inaganda kidogo mara ya kwanza moshi unapotokea, mara ya kwanza mvua inaponyesha, mara ya kwanza taa zinapoakisiwa kwenye lami. Kadi za michoro za sasa hutumia programu ndogo za kuchora kila aina ya uso, na programu hizo lazima zitafsiriwe kwa kadi uliyo nayo. Toleo hili linangoja mpaka zinapohitajika, gari likiwa kwenye mwendo mkali. Gemu nyingine hutafsiri zote mwanzoni, ukingoja kidogo kwenye skrini ya kupakia, na mimi ningengoja kwa moyo mkunjufu.

Na pale magari yanapojaa barabarani, fremu zinaanguka ilhali kompyuta inaonyesha prosesa inatumika chini ya asilimia 20. Sababu ni kwamba kazi yote nzito imebebeshwa kiini kimoja na vile vingine saba vinakaa bure. Wakati gemu hii inaandikwa, wengi waliamini prosesa zitaendelea kuongezeka megahezi mwaka hadi mwaka. Badala yake zikaongezeka viini. Crysis ya 2007 ilibanwa na jambo hilohilo, na iliporudishwa sokoni 2020 wakaguzi walionyesha kwamba kiini kimoja bado kinazidiwa huku vingine vina nafasi.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuwa nisasishe draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, na nipunguze ubora wa picha. Jibu hilo liliniudhi kwelikweli, kwa sababu kupunguza ubora wa picha kunaongeza fremu, na fremu nyingi ndizo zinazolifanya gari liruke. Aliyeniandikia hakuwa ameelezwa bidhaa anayoihudumia inafanyaje kazi. Jingine linaloniuma ni kwamba toleo la zamani la gemu hii, ambalo lilikuwa linachezeka vizuri, limeondolewa kwenye duka siku jipya lilipoingia. Warudishe la zamani liuzwe sambamba na hili, au waliweke ndani ya kifurushi kilekile bila malipo ya ziada.

Tangu hapo limetoka sasisho moja. Limeongeza chaguo la kufunga fremu kwenye 60 katika menyu, jambo jema, ila halijawashwa lenyewe na jedwali la rekodi bado linachanganya muda wa kila mtu. Kukwama kwa mara ya kwanza kupo vilevile.

Kwa hiyo, kama unautaka mkusanyiko kwa ajili ya gemu ya mikakati, nunua leo. Ukiwa tayari kufungua faili la mipangilio na kutafuta namba inayofaa, ile ya vyombo vya anga itakupa raha kamili. Ya mbio za magari iache kwanza. Ukiwa nayo tayari, ingia kwenye menyu ufunge fremu kwenye 60 kabla ya mbio ya kwanza, zunguka kila barabara ukiwa peke yako mpaka kuganda kuishe, na muda wako usiulinganishe na wa jedwali mpaka walirekebishe.