Uzoefu wangu na Olmeca Altos Plata: tekila ya kuchanganyia nyumbani

Maoni haya ni ya mtu anayechanganya vinywaji nyumbani. Anayetafuta tekila ya kunywa tupu, polepole, ana vigezo vingine. Ila kama unataka chupa moja tu ya tekila, ikufae kwa kokteli kama margarita, paloma na hata dawa (ile ya ndimu na asali, si ya kutibu), hii naipendekeza bila wasiwasi.

Anza na lebo, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kuna Olmeca na kuna Olmeca Altos, na dukani mara nyingi zinakaa rafu moja. Isiyo na neno Altos ni tekila ya mchanganyiko: sheria ya Meksiko inataka angalau 51% ya sukari inayochachushwa itoke kwenye agave ya buluu (ndugu wa mkonge wetu), na inayobaki inaweza kutoka kwingine, kwa kawaida kwenye miwa. Altos imeandikwa "100% de agave". Usipoyaona maneno hayo, hiyo ni mchanganyiko, hata chupa ing'ae namna gani. Angalia pia herufi NOM na tarakimu nne zinazofuata. Ndiyo namba ya kiwanda, na ya Altos ni 1111. Kabla ya kulipa, piga skani stempu ya ushuru: Tanzania kwa programu ya Hakiki Stempu, Kenya kwa Soma Label. Chupa isiyo na stempu iache hapo hapo.

Rangi isikudanganye. Reposado imekaa kwenye mapipa ya mwaloni angalau miezi miwili, añejo angalau mwaka mmoja, na hizo zimepata rangi yake kihalali. Lakini zile zinazoitwa "gold" au "oro", nyingi zimetiwa karameli tu. Kwa vinywaji vya ndimu nachukua nyeupe, yaani plata au blanco. Añejo kwenye margarita ni kutupa pesa, kwani ndimu inafunika kila kitu ulicholipia.

Mimina Altos kidogo kwenye glasi, iache dakika tatu, kisha inuse. Kuna harufu ya kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu. Hiyo ndiyo agave iliyoiva kwenye tanuri. Nyuma yake kuna ganda la ndimu, na ukionja, ulimi unamalizia na pilipili manga. Harufu ile ya kiazi ndiyo unayoilipia. Kokteli ikiisha na hujaisikia hata mara moja, umezidisha sukari au umezidisha ndimu.

Kipimo rasmi cha margarita cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, ni tekila ml 50, pombe ya maganda ya machungwa ml 20, na maji ya ndimu ml 15. Kwangu kinatoka kikali kidogo, kwa hiyo napandisha ndimu hadi ml 20 na kuongeza shira ml 5, ya sukari na maji nusu kwa nusu. Pombe ya machungwa natumia Cointreau yenye kilevi cha 40%. Ukitumia zile nyepesi za bei nafuu, zenye 15% hadi 25%, sukari yake ni nyingi, basi usiweke shira kabisa. Huna kikombe cha kupimia? Kijiko cha chai ni ml 5, cha chakula ni ml 15. Kukadiria kwa macho ndiko kunakofanya glasi ya kwanza iwe nzuri na ya pili isinyweke.

Ndimu ziwe mbichi na zikamuliwe wakati huo huo. Zisugue mezani kwa kiganja kabla ya kukata, zitatoa maji zaidi. Ndogo zetu huhitaji mbili kwa glasi moja. Maji ya ndimu yaliyolala yanapoteza ile harufu kali na kubaki uchungu. Limau si mbadala mzuri, lina ulaini unaoifanya tekila ionekane tupu. Ile ndimu ya chupa yenye sukari isahau.

Sasa barafu, na hapa naomba uwe mkali. Jaza chupa ya kutikisia (hata ya jemu yenye kifuniko kisichovuja inafaa) barafu hadi juu. Watu wanaweka vipande vinne wakidhani wanazuia maji, kumbe barafu chache inayeyuka upesi na kinywaji hakipoi. Itoke kwenye friza muda huo huo. Kama imeanza kutokwa na jasho, mwaga maji yake kwanza. Tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, mpaka baridi ya chuma au kioo iung'ate mkono. Kinywaji kitaongezeka kama robo ya ujazo kwa maji ya barafu, na maji hayo ni sehemu ya mapishi. Bila hayo pombe inachoma koo. Chuja, usimimine na vipande vilivyovunjika.

Chumvi paka nusu ya ukingo tu, upande wa nje, kwa kupitisha kipande cha ndimu kwanza. Ikipakwa ndani inadondokea kwenye kinywaji, na mwisho unakunywa mchuzi.

Julio Bermejo wa mgahawa wa Tommy's, San Francisco, aliondoa pombe ya machungwa kwenye margarita na kuweka shira ya agave. Huku kwetu shira hiyo ni adimu na ghali, lakini tuna asali, na hapo tunafika kwenye dawa. Dawa ya Nairobi ni ya vodka. Kwa tekila inakuwa bora zaidi, kwa maoni yangu. Kata ndimu moja vipande vinne, toa ule uti mweupe wa katikati, ponda taratibu mara tano au sita. Ukiponda kama unatwanga kisamvu, maganda yatatoa uchungu usioondoka. Weka barafu, tekila ml 50, na asali kwenye kijiti cha kukorogea. Asali ya Tabora, nyeusi na nzito, inapendeza sana hapa, ila anza na kijiko kimoja cha chai. Kama hutaki kukoroga muda wote, yeyusha kwanza asali sehemu mbili kwa maji ya moto sehemu moja, maana asali ikikutana na barafu inaganda chini ya glasi.

Paloma ni rahisi: tekila ml 50, ndimu ml 10, chembe ya chumvi, soda ya balungi ml 100 juu ya barafu. Ukikosa soda hiyo, kamua balungi ml 50, shira ml 10, malizia na maji ya soda yasiyo na sukari ml 60. Soda usiitikise. Balungi hugombana na baadhi ya dawa za presha na kolesteroli, kwa hiyo muulize mgeni kwanza.

Kwa Stoney Tangawizi usipoteze Altos. Tangawizi ile inaimeza tekila yote, na ya mchanganyiko inatosha.

Wageni wakiwa wanane, changanya mapema tekila ml 400, Cointreau ml 160, shira ml 40 na maji safi ml 150, ulaze kwenye friji. Usitikise tena, mimina tu juu ya barafu. Ndimu, ml 160, ikamuliwe na kuingia wageni wakishakaa.