Duka la muvi za zamani Kaloleni: nimemfuata mwigizaji Woody Strode mpaka muvi yake ya mwisho

Nina saluni Ngarenaro, Arusha, na televisheni ya saluni inawaka toka asubuhi mpaka tunafunga. Mteja wa rasta anakaa kwenye kiti saa nne, tano. Tamthilia za Kituruki anazo kwake, kwa hiyo mimi namwekea muvi za zamani, na zote nanunua kwa kijana mmoja mwenye fremu ndogo Kaloleni, jirani na mafundi simu. Hana bango. Ana kompyuta moja, diski zake kwenye rafu, na kiti cha plastiki cha mteja.

Wengi wanaorusha muvi hapa Arusha, ukiwaambia unataka za zamani wanakupa Rambo, au wanakupa Hatari!. Hatari! naielewa, ilipigwa huku kwetu Momella, ikatoka 1962, na kila mtu wa Arusha anayo habari yake. Lakini taja mwigizaji ambaye si steringi uone watakavyokukodolea macho. Huyu kijana nilimwambia namtaka Woody Strode, yule Mmarekani mweusi mrefu mwenye kipara. Akasema, "Mama, niachie flashi, upitie kesho kutwa." Niliporudi nikakuta folda ya Strode peke yake, muvi zimepangwa kwa miaka, na mbele ya kila jina ameandika ni dakika ya ngapi jamaa anatokea. Kwa hilo tu nampa alama zote.

Maana kazi ya Strode ndivyo ilivyo, dakika kumi huku, dakika tano kule. Alizaliwa Los Angeles 1914, na alianza kama mwanamichezo. Mwaka 1946 yeye na Kenny Washington walisajiliwa na timu ya Rams, wakati ligi kuu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa imepitisha zaidi ya miaka kumi bila mchezaji mweusi hata mmoja. Akacheza mieleka pia. Kwenye The Ten Commandments ya 1956 ni mfalme wa Ethiopia: anaingia ikulu ya Farao, anasimama pale na kimo chake, basi, habari yake imekwisha. Muvi yenyewe ina zaidi ya saa tatu na nusu. Bila zile dakika zilizoandikwa ungekesha unamtafuta.

Spartacus ya 1960 ndiyo iliyonyamazisha saluni yangu. Strode ni Draba, mtumwa anayelazimishwa kupigana na Kirk Douglas, ambaye ndiye Spartacus, ili wageni wa Kirumi wafurahi. Ana chusa la meno matatu na wavu. Anashinda, meno ya chusa yako kooni kwa mwenzake, na kule juu wanamwamuru aue. Mtazame uso hapo. Hasemi neno, kifua kinapanda na kushuka, halafu anageuka na kulirusha lile chusa kwa Warumi walikokaa, na yeye mwenyewe anaparamia ukuta kuwafuata. Wanamwua palepale. Mama mmoja alitoa kichwa kwenye drayaa, rola zote kichwani, akauliza, "Huyu kaka ni nani, na mbona wamemwua mapema hivi?" Kwa sehemu hiyo fupi alipendekezwa kwa tuzo ya Golden Globe. Mimi naona yale macho ndiyo yanayoibeba muvi nzima, maana kila anachofanya Spartacus baadaye kinaanzia pale.

Mwaka huohuo alicheza Sergeant Rutledge ya mwongozaji John Ford. Ni askari wa kikosi cha weusi, anashtakiwa kwa kubaka na kuua. Muvi imepewa jina la mhusika wake, ila kwenye orodha ya waigizaji jina lake ni la nne. Linaniuma hilo, na litaendelea kuniuma. Angalia anavyokaa kwenye kiti cha shahidi, mgongo umenyooka, mpaka anapoulizwa kwa nini alirudi wakati alishatoroka. Hapo sauti inapasuka anapoeleza kuwa kile kikosi ndiyo nyumbani kwake.

Ford alimchukua tena kwenye The Man Who Shot Liberty Valance, 1962, safari hii mfanyakazi wa John Wayne. Kuna darasa pale, anasimama kusoma kwa kichwa tamko la uhuru wa Marekani, na anakwama hasa kwenye maneno ya kwamba watu wote wameumbwa sawa. Once Upon a Time in the West ya 1968 anakufa pale mwanzoni tu, lakini kabla ya hapo tone la maji linamdondokea kipara, anavaa kofia, anaacha maji yajae kwenye ukingo, halafu anayanywa. Wasusi wangu wanaikumbuka hiyo kuliko steringi.

Nilichomshukuru zaidi yule kijana ni muvi ya Italia ya 1968, Seduto alla sua destra, ambamo Strode ni kiongozi wa Kiafrika aliyechorwa kwa kumfuata Patrice Lumumba. Hapo ndiye steringi. Waitaliano walimpa nafasi ambayo kwao Marekani hawakumpa.

Kasoro zipo. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, na nakala ya Sergeant Rutledge sauti ilikuwa chini mno, ilibidi nirudishe. Alinibadilishia bure bila maneno mengi. Kazi zake za televisheni ni chache sana dukani. Kipande cha tamthilia ya Rawhide cha 1961 alichocheza askari kimepatikana, vingine bado. Bei ni shilingi 1,000 kwa muvi, wakati wengine wanarusha kwa 500, na mimi naona anastahili.

Ukienda, beba flashi tupu ya GB 32 na muulize pia The Quick and the Dead ya 1995. Strode alifariki 31 Desemba 1994, kabla haijatoka. Anacheza mzee wa majeneza, dakika chache tu, na kijana amekwishaziandika. Jumapili hafungui mpaka mchana.